Siku moja maishani mwangu: Jumanne ya Padri

Saa 11:40 alfajiri

Leo nimeamshwa na kimya. Chumba changu kimepakana na jiko la jirani, na kwa miezi kama minane sikuhitaji kutega simu. Mama mwenye nyumba ile akishika tu kiroba cha majani, simbilisi wao, wale wanaoitwa guinea pig kwa Kiingereza, walikuwa wanapiga mluzi, na mluzi wa Padri ulikuwa unazidi wote. Wiiik! Wiiik! Kama mwamuzi aliyeona penalti. Nimemlaani mara nyingi chini ya blanketi.

Usiku wa kuamkia leo Padri amelala kwangu, ndani ya boksi la sabuni, pembeni ya jiko la mkaa lililozimika. Julai ya Njombe haina mzaha. Nilimwekea chupa ya maji ya moto ndani ya soksi yangu ya sufi ili aiegemee bila kuungua. Chupa imeshapoa. Yeye amejikunja, manyoya yamesimama, macho nusu. Pembeni limebaki jani la kabichi nililomwekea jana, halina hata alama ya jino.

Nimechemsha maji upya, nimeponda hoho na uji mwepesi wa majani, nimechukua bomba la sindano la mililita 1 bila sindano yake, nikaanza. Unaingiza kwa pembeni ya mdomo, nyuma ya yale meno ya mbele, tone, unasubiri ameze. Tone, unasubiri. Ukiharakisha linaingia kwenye mapafu. Mililita 4 zimenichukua nusu saa. Kwa uzito wake nilitaka zaidi ya mara mbili ya hizo.

Saa 1:10 asubuhi

Mwenye mali amegonga. Sweta la shule, mikono imepauka kwa baridi, na mchunga uliofungwa kwenye karatasi ya daftari. Ameuchuma gizani njiani.

"Shikamoo anti. Amekula?"

"Marahaba. Amekula kidogo, kwa bomba."

Akainama juu ya boksi. Hakumshika, alimpulizia tu pumzi ya moto mgongoni, mara tatu, kama mtu anayewasha kuni mbichi. Halafu akaniambia ameacha mchunga mwingine chini ya mti, atauchukua akitoka shule. Akakimbia.

Huyu ni mtoto wa darasa la nne. Ndiye aliyemnunua Padri, kwa hela yake ya kuokota viazi shambani kwa watu. Jina pia alimpa yeye: simbilisi mweusi tii, mwenye ukanda mweupe shingoni kama kola ya padri. Mama yake alisema ni dhambi. Mtoto akajibu kwamba padri mwenyewe akimwona atacheka. Na kweli, nadhani angecheka.

Saa 2:30 asubuhi

Nimefungua duka. Nauza dawa za mifugo, chanjo, mashudu, pumba, madini ya kulamba. Nina cheti cha afya ya mifugo, nilikisomea chuoni, kwa hiyo wateja huniita dokta, nami nimeacha kuwasahihisha. Boksi la Padri nimeliweka chini ya kaunta, mbali na upepo wa mlango.

Nimempima kwenye mizani ya madini: gramu 590. Jana jioni alikuwa 615.

Niseme tu jambo ambalo tangu jana linanikaa kooni. Ijumaa iliyopita, saa 11 jioni, duka limejaa, yule mtoto alisimama mlangoni akaniambia, "Anti, Padri ana mafua, puani pamelowa na anakoroma." Nilikuwa napima mashudu ya mtu. Nikamwambia, "Mlete Jumatatu." Sikuuliza hata kama anakula. Simbilisi asiyekula siku moja tayari yuko hatarini, kwa sababu utumbo wake umeumbwa kufanya kazi muda wote. Ukisimama, kuuanzisha tena ni kazi. Hilo nalijua. Nililijua pia Ijumaa.

Jumamosi mjomba wa mtoto akaona aibu kukaa bure. Akafungua kidonge cha rangi mbili, amoksisilini iliyobaki kwenye dawa za mtu mzima, akamimina unga kwenye maji. Alifanya hivyo kwa upendo. Kumbe dawa za jamii ya penisilini, simbilisi akizimeza, huua wale bakteria wazuri wa utumbo wanaomsaidia kusaga majani, wale wabaya wakapata uwanja na kumwaga sumu. Mnyama anaharisha, anapoa, anakwenda. Kuku angepewa ileile asingekuwa na neno.

Na rafu ya tatu nyuma yangu, pale pale nilipokuwa nimesimama Ijumaa, kuna enrofloksasini, dawa ambayo wafuga kuku hununua kila siku na ambayo simbilisi anaivumilia. Nimeanza kumpa jana jioni.

Saa 4 asubuhi

Wateja. Dawa ya minyoo ya nguruwe. Dawa ya kupe. Mama mmoja wa kuku wa kienyeji amefuata chanjo ya ugonjwa wa kideri, na kila akija lazima nimweleze upya: tone moja kwenye jicho, jicho moja tu, urudie kila baada ya miezi mitatu, usisubiri uone mmoja amepinda shingo. Ameuliza, "Na yule aliyeanza kupinda?" Nikamwambia huyo chanjo haimsaidii tena. Nilipomaliza kusema nilitazama chini ya kaunta.

Kati ya mteja na mteja: tone, nasubiri. Robo ya kidonge cha vitamini C nimeisaga kwenye maji. Simbilisi yuko kama sisi, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, tofauti na mbuzi au kuku. Chuoni tulisimuliwa habari ya Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, ambao mwaka 1907 waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakashangaa kuona wanaugua kiseyeye kama mabaharia. Njia ya kuijua vitamini C ilianzia kwenye fizi za viumbe hawa. Darasa zima tulicheka. Mwalimu akatuambia tuwaheshimu simbilisi, tukacheka zaidi.

Saa 6:15 mchana

Mzee mmoja, mteja wa siku nyingi, ameingia kununua madini ya ng'ombe. Tukasalimiana: kamwene, kamwene. Akaona boksi.

"Dokta, hiki kitoweo kinaumwa?"

"Kinaumwa, mzee."

"Mngekiwahi mapema, kabla ya dawa. Sasa hata kuliwa hakifai."

Hakusema vibaya. Huku kwetu, Njombe, Iringa, mpaka Mbeya, simbilisi hukimbia chini ya meza jikoni kwa sababu siku moja atakuwa juu ya meza. Asili yao ni milima ya Andes, Peru na nchi za jirani, na huko nako wanaliwa mpaka leo. Mimi mwenyewe nimemla tangu nina meno ya utoto. Bibi alikuwa anamwagia maji ya moto, ananyonyoa, anambanika, halafu anamuunga kwa nyanya, na sisi tulikuwa tunagombea kichwa. Kwa hiyo nilicheka na mzee, nikampimia madini yake, nikamwongezea kidogo.

Lakini alipotoka nilijiuliza ningemwambia nani kwamba tumbo limenishika. Jirani akifiwa na mzazi unajua pa kukaa: wanawake jikoni, wanaume nje kwenye moto, daftari la rambirambi linapita, mfiwa yuko pale na kanga begani, unampa mkono. Huyu hata hajafa. Hata akifa, mfiwa ni mtoto wa watu. Mimi nitakuwa nani kwenye msiba huo? Muuza dawa.

Saa 7:20 mchana

Nilimtoa kwenye boksi nikamweka mapajani, juu ya taulo. Kupumua kwake kulikuwa kumebadilika. Badala ya kule kukoroma kulikuwa na kitu kama karatasi inayokunjwa mbali. Masikio ya baridi. Nilimgusa nyayo: vidole vinne mbele, vitatu nyuma, vimepoa vyote, kucha nyeusi isipokuwa moja tu nyeupe mguu wa kushoto nyuma. Miezi minane tumetenganishwa na ukuta wa matofali na sikuwahi kuiona hiyo kucha nyeupe.

Nikaanza kumsugua kwa kidole kutoka shingoni kwenda mgongoni. Akatoa sauti ndogo, si mluzi, ile ya kuguna wanayotoa wakikaa pamoja.

Bodaboda likasimama nje. Kijana ana haraka, ng'ombe wa bosi wake ana kupe, anataka dawa ya kuogeshea na anataka nimwonyeshe vipimo. Nikamrudisha Padri kwenye boksi, nikanawa mikono. Nikamwonyesha mfuniko wa kupimia, maji kiasi gani, asisahau ndani ya masikio na chini ya mkia. Alitoa noti ya 10,000. Sikuwa na chenji, nikatafuta kwenye droo, nikatafuta kwenye pochi yangu, nikahesabu mia tano mia tano.

Nilipoinama, Padri alikuwa ameshakwenda. Mdomo wazi kidogo, mchunga wa asubuhi umegusa pua. Soksi bado ina joto.

Saa 8

Niliuza pumba magunia mawili. Sikumbuki niliuza kwa nani.

Saa 9 kasoro

Nilikwenda stoo kutafuta mfuko wa kumfungia, nikajikuta nimekaa kati ya magunia ya mashudu, nalia. Si kilio cha kupiga kelele. Machozi yalikuwa yanatoka kama bomba lisilofungwa vizuri, huku kichwa kikinikumbusha kwamba kuna mteja anaita hodi. Nikajifuta kwa kitambaa cha kufutia mizani, kikaniwasha machoni kwa vumbi la chokaa, na hivyo nikapata sababu nzuri ya kumpa mteja.

"Vumbi," nikasema.

"Pole dokta," akasema. Ndiyo pole pekee niliyopewa hadi muda huo, na ilikuwa ya chokaa.

Saa 10:05 jioni

Nimeandaa maneno mchana kutwa. Nilitaka kuanza na "unajua, wanyama wadogo..." Mtoto akaingia na fungu lake la mchunga, akanitazama usoni, akaliweka juu ya kaunta taratibu.

"Amekufa," nikasema. Maneno yote niliyoandaa yakaishia hapo.

Hakulia. Aliomba kumwona. Nikamfungulia boksi, akamgusa ile kola nyeupe kwa kidole. Akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa 7 na nusu. Akawaza. "Tulikuwa hisabati," akasema.

Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa, bila hasira, kama mtu anayetaka jibu la zoezi:

"Anti, Ijumaa ungempa dawa, angepona?"

Ningeweza kumwambia ni mapenzi ya Mungu. Ningeweza kumtaja mjomba wake na vidonge vyake, na nisingesema uongo. Nikamwambia, "Sijui kama angepona. Lakini nafasi ilikuwepo. Nilitakiwa kukusikiliza, sikukusikiliza. Nisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu. Nje mashine ya kukatia mbao ilikuwa inalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Siku ile ulikuwa na wateja wengi," akasema.

Akachukua boksi.

Saa 11:45 jioni

Tumemzika nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi. Mtoto alichimba, mimi nilishika tochi kwa sababu ukungu ulishashuka. Tulichimba kina cha mkono mzima kwa ajili ya mbwa. Mama yake alitoka jikoni na kanga kichwani, akasimama pembeni, hakusema lolote kuhusu kumzika mnyama wa kuliwa. Mjomba hakutoka. Nilimwona dirishani.

Kabla ya kufukia, mtoto alichomoa soksi kwenye boksi akanipa. Nikamwambia aiache. Akakataa, akasema moja itabaki peke yake.

Majike wawili waliobaki walikuwa jikoni. Mama aliporudi ndani akashika kiroba, wakaanza mluzi.

Saa 1:30 usiku

Nimepiga hesabu za siku na bosi kwa simu, kama kawaida. Mauzo yako sawa. Akaniuliza kuhusu enrofloksasini iliyofunguliwa, bomba la sindano moja na vidonge vya vitamini C: vimetoka, lakini kwenye daftari hakuna jina la mteja.

"Niandikie mimi," nikasema. "Ni za simbilisi."

"Kumbe unafuga?"

"Hapana. Wa jirani."

"Amepona?"

"Amekufa."

"Sasa si walipe wenyewe?"

Nikamwambia akate tu kwenye mshahara wangu.