Kirusi cha shotikati kwenye kompyuta ya nyumbani: kumbukumbu ya usafishaji

Jumamosi, asubuhi

Flashi iliyotoka steshenari, ambako mwanangu alikwenda kuchapisha kazi yake ya shule, imefunguka ikionyesha folda zote zikiwa na mshale mdogo kwenye kona ya ikoni. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, na hila yenyewe iko hapo: kila njia ya mkato (shotikati) inaendesha kwanza faili ya .vbs, yaani programu ndogo ya maandishi, iliyofichwa, kisha inakufungulia folda uliyoitaka ili usishtuke. Enzi za kirusi cha Conficker, mwaka 2008, flashi ilipochomekwa tu kirusi kiliweza kujiendesha chenyewe. Microsoft ilipoubana mlango huo kwenye Windows XP na Vista mwaka 2011, watunzi wa virusi wakaanza kutegemea kidole cha mtumiaji.

Faili halisi hazijafutwa. Zimepewa tu sifa ya kufichwa na sifa ya kuwa faili za mfumo, kwa hiyo anayekimbilia kufomati flashi hupoteza picha na nyaraka zake bure.

Mchana

Nimezima intaneti, kwa kuwa virusi vingi vya aina hii huwasiliana na aliyevituma. Nilipofuta njia za mkato kwa majaribio, zilirudi palepale mbele ya macho yangu, jambo lililothibitisha kwamba kirusi kimekwisha kuhamia ndani ya kompyuta. Nimebonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua orodha ya programu zinazoendeshwa, nikaisimamisha wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha faili za .vbs, ndipo nikafuta nakala za kirusi ndani ya AppData (folda ya data za programu) na kwenye folda ya Startup, ya vitu vinavyojiendesha Windows ikiwaka, pamoja na kiingilio chake katika ufunguo wa Run wa rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, ambao nao huendesha programu mtumiaji anapoingia. Baada ya hapo tu ndipo nimeigeukia flashi, ambayo kwenye kompyuta hii ni diski E, kwa amri mbili katika dirisha la amri; ya kwanza hufuta njia za mkato, ya pili huondoa sifa ya kufichwa na ya mfumo:

del E:\*.lnk
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zimerudi zote, na ile faili ya .vbs, ambayo sasa inaonekana, nimeifuta. Herufi ya diski ihakikiwe kabla ya kubonyeza Enter, maana amri ya pili ikielekezwa C itavuruga sifa za faili za Windows yenyewe.

Jioni

Swali lililonisumbua ni kwa nini Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows, ilinyamaza. Jibu nimelikuta katika orodha ya vitu visivyokaguliwa: diski C yote imo. Fundi aliyetuwekea Windows alitumia programu ya kuvunja leseni, na programu za namna hiyo zina desturi ya kujiongeza kwenye orodha hiyo ili zisikamatwe. Tulikuwa na mlinzi aliyeamriwa ageuzie geti mgongo. Kwangu mimi, hili ni baya kuliko kirusi chenyewe.

Nimeifuta orodha, kisha nimeendesha ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao huiwasha kompyuta upya na kuchunguza diski kabla Windows haijapanda. Umeikamata ile programu ya leseni pamoja na nakala nyingine ya .vbs iliyokuwa imejificha kwenye folda ya Temp. Nywila za barua pepe na za benki nimezibadilisha kupitia simu, si kupitia kompyuta hii.

Jumapili

Siiamini tena Windows iliyopo, hata kama ukaguzi wa leo haukuonyesha kitu. Ni Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025, na kompyuta haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Ninahamisha picha na nyaraka pekee kwenye diski ya nje, bila faili yoyote ya .exe, kisha nitaweka Ubuntu, mfumo wa uendeshaji wa bure. Printa yetu nimeijaribu kupitia Ubuntu ya kwenye flashi na imechapa; bado skana.