Jinsi nilivyoufuata msimu mzima wa tuzo za filamu kutoka sebuleni kwa shangazi

Msimu wa tuzo za filamu wa mwaka 2014 ndio pekee niliowahi kuufuata tangu mwanzo hadi mwisho, na sababu yangu ilikuwa moja tu: Lupita Nyong'o. Wengi wetu tulikuwa tukimfahamu tangu 2009 kutokana na tamthilia ya Shuga, na baadhi yetu tulijua kwamba akiwa na umri wa miaka 14 alicheza nafasi ya Juliet jukwaani Nairobi pamoja na kundi la Phoenix Players. Sasa jina lake lilikuwa limeshikwa na dunia nzima kwa sababu ya Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, aliyemwigiza katika filamu ya Steve McQueen iitwayo 12 Years a Slave. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili ya wasichana hapa Mombasa na ndiye mlezi wa chama cha uigizaji. Wasichana wangu waliniomba niwaletee habari zake hatua kwa hatua, nami nikawaahidi.

Ahadi hiyo ilikuwa nyepesi kutamka kuliko kutimiza. Wakati huo wa mwaka Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa 11, kwa hiyo sherehe inayoanza kwao jioni hutufikia saa kumi za alfajiri, na zile kubwa zaidi hufanyika Jumapili ya kwao, ambayo kwetu imeshakuwa Jumatatu, siku ya paredi. Nyumbani kwangu hapakuwa na dishi. Kwa shangazi yangu, mtaa wa Majengo, lilikuwapo, naye ni mtu wa kuamka kila siku saa tisa na nusu za usiku kwa ajili ya sala. Nilipomwomba ruhusa ya kuja saa kama hizo alinijibu, "Mwanangu, saa hizo mimi ni macho namwomba Mola. Njoo, utanikuta." Sharti lake lilikuwa moja, kwamba adhana ikianza televisheni inyamazishwe, na tulilishika mpaka mwisho.

Hata hivyo sikuweza kukesha kila mara na bado nikasimama mbele ya darasa nikiwa na akili timamu. Ilinibidi nijue ni usiku upi una uzito na upi nitausoma asubuhi kwenye simu. Nikanunua daftari, nikaipa kila sherehe ukurasa wake, na juu ya kila ukurasa, kabla hata ya majina ya walioteuliwa, nikaandika swali moja: nani anapiga kura? Swali hilo ndilo lililonivusha msimu ule wote, na ndilo ninalompa yeyote anayeniuliza namna ya kuufuata.

Golden Globe ilifanyika tarehe 12 Januari katika hoteli ya Beverly Hilton. Lupita, aliyewania tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike, alishindwa na Jennifer Lawrence wa filamu ya American Hustle, na ingawa filamu yake ilichukua tuzo ya filamu bora ya drama, hiyo ndiyo tuzo pekee iliyoondoka nayo usiku ule. Jumatatu shuleni niliwakuta wasichana wameshasikia, nyuso zimewashuka. Nikawafungulia daftari na kuwaonyesha: waliopiga kura hizi walikuwa waandishi wa habari wa mataifa ya nje waliofanya kazi Hollywood, watu wasiofika hata 100, na uanachama wao haukuwapa kura katika Oscar, tuzo kubwa kuliko zote. Waliopiga kura za Oscar mwaka ule walikuwa watu wa filamu wenyewe, takriban 6,000. Neno la Golden Globe husikika kwa sauti kubwa kwa sababu hutamkwa mapema, si kwa sababu wenye kulitamka ndio waamuzi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tarehe 16 Januari walitangazwa walioteuliwa kuwania Oscar, Lupita akiwamo, na usiku wa siku hiyohiyo wakosoaji wa filamu wakampa tuzo yao ya Critics' Choice. Lakini ukurasa niliouwekea alama ya wino mwekundu ulikuwa wa tarehe 18, tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani, kwa kuwa waigizaji ndio tawi kubwa kuliko yote ndani ya Akademi inayotoa Oscar. Alfajiri ile ya Jumapili umeme ulikatika mtaani kabla sherehe haijafika mbali. Shangazi akawasha kandili, nami nikabaki nafuata matokeo kwa simu ambayo betri yake ilikuwa imebakisha alama moja, kurasa zikifunguka nusunusu. Jina la Lupita lilipotokea kuwa ndiye mshindi nililisoma mara tatu kabla ya kumwambia shangazi, maana nilichelea kwamba nimesoma orodha ya walioteuliwa. Hapo ndipo nilipoamini kwa dhati kwamba Oscar inawezekana, kwa sababu safari hii waliosema ni waigizaji wenzake.

Usiku uliofuata chama cha watayarishaji wa filamu kilitoa sare kati ya 12 Years a Slave na filamu nyingine, Gravity, jambo ambalo halikuwa limetokea kamwe katika historia ya tuzo hiyo. Nilisimama kwenye ukurasa huu muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote. Watayarishaji hupiga kura kwa utaratibu uleule ambao Akademi huutumia kuchagua filamu bora: mpiga kura haweki alama moja tu, bali huzipanga filamu kuanzia anayoipenda zaidi. Filamu yenye chaguo la kwanza chache kuliko zote huondolewa, na karatasi zake huhamishiwa filamu iliyofuata katika kila karatasi, hivyo hivyo mpaka moja ipate zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba filamu inayopendwa na wengi kama chaguo la pili inaweza kuishinda ile inayopendwa mno na wachache.

Ili niuelewe vizuri, niliujaribu na chama changu cha uigizaji tulipokuwa tukichagua mchezo wa kupeleka kwenye mashindano. Tulikuwa na michezo minne na vikaratasi tulivyokata kutoka karatasi za mitihani iliyopita. Mchezo uliokuwa na kelele nyingi, ule wa wasichana wa kidato cha nne, uliongoza katika hesabu ya kwanza, lakini kila tulipoondoa mchezo mmoja, vikaratasi vyake vilihamia chaguo lililofuata, na mwishowe ukashinda mchezo wa kimya kuhusu mama mkwe na mkaza mwana, ambao karibu kila msichana asiyeuweka wa kwanza aliuweka wa pili. Walishangaa, wakahesabu tena wenyewe sakafuni, wakapata jibu lilelile. Kuanzia siku ile hakuna aliyeniuliza tena inawezekanaje Gravity ibebe tuzo nyingi kisha filamu bora ikaenda kwingine.

BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, iliyofanyika tarehe 16 Februari katika Royal Opera House jijini London, ndiyo iliyonitia hofu. 12 Years a Slave ilikuwa filamu bora, Chiwetel Ejiofor wa filamu hiyohiyo akawa mwigizaji bora wa kiume, na Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, akashinda kama mwigizaji msaidizi kwa filamu ya Captain Phillips, jambo lililowafurahisha sana majirani zangu Wasomali. Lakini tuzo ya Lupita ilikwenda tena kwa Jennifer Lawrence. BAFTA si Golden Globe: wapiga kura wake ni watu wa filamu, na baadhi yao wamo pia katika Akademi ya Marekani. Kura za mwisho za Oscar zilikuwa zimeshaanza kupigwa tarehe 14, zikaendelea hadi tarehe 25. Siku zile sikuwaambia wasichana kila nilichokuwa nikikiwaza.

Oscar ilianza saa kumi na nusu alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Machi kwetu. Nilikwenda kwa shangazi nikiwa nimeshavaa nguo za kazini. Gravity ilikuwa ikizoa tuzo za kiufundi moja baada ya nyingine. Adhana ilipolia tulinyamazisha sauti, shangazi akaswali nyuma ya kiti changu, nami nikatazama midomo ikicheza kwenye kioo. Kulikuwa kunapambazuka mwigizaji Christoph Waltz alipofungua bahasha na kumtaja Lupita. Alipanda jukwaani na gauni la buluu hafifu, na neno lake la mwanzo halikuwa la kujisifu. Alisema kwamba furaha kubwa aliyo nayo imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine, akamkumbuka Patsey. Nilimtafsiria shangazi. Akashika shavu, akasema, "Kamtanguliza marehemu. Huyo kalelewa." Kisha ikaja ile sentensi iliyoenea Kenya nzima, kwamba popote utokako ndoto zako ni halali, lakini shangazi alikuwa bado analia kwa ile ya kwanza.

Sikuweza kungoja filamu bora. Nilipanda matatu, nikafika, na saa mbili ilipokuwa ikikaribia nilikuwa nimesimama kwenye paredi, bendera ikipandishwa, simu ikitetemeka mfukoni. Niliusoma ujumbe tulipotawanyika kuelekea madarasani: "Wamepewa na ile kubwa, mwanangu. Nimekaa mpaka mwisho kwa ajili yako." Gravity ilikuwa imechukua 7, 12 Years a Slave 3, filamu bora ikiwamo. Wasichana wa chama walikuwa wamejipanga mlangoni kwangu. Nililifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho, nikampa kiongozi wao kalamu aandike yeye.