Mguu Ulio Mzima

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naomba tusome Marko 2:1-12 na Waebrania 12:12-13. Mnivumilie kidogo, maana nitaanzia bandani mwa farasi.

Kuna wakati nilisaidia kumuuguza farasi dume wa miaka miwili. Alikuwa hajapewa jina, sisi tukamzoea kwa jina la Mdogo, ingawa kimo alishanipita. Asubuhi moja baada ya mvua alitoka mbio malishoni, kama kawaida ya wadogo, akageuka ghafla penye utelezi. Aliposimama, mguu wa mbele wa kushoto aliugusisha ncha tu. Kufikia jioni nyuma ya ugoko palikuwa pamevimba na panachoma ukipashika. Daktari wa mifugo akampiga picha ya ultrasaundi na kutuonyesha doa jeusi katikati ya kano. Nyuzi zilikuwa zimechanika, si zote, na mfupa ulikuwa salama.

Asiyewajua farasi atadhani hilo ni jambo la wiki tatu. Farasi, kuanzia goti la mbele kwenda chini, hana nyama. Ni mfupa, kano na ngozi, na damu inayoifikia kano ni kidogo, kwa hiyo kano iliyochanika huweza kuchukua miezi 9 hadi 12 kupona. Hata ikipona hubaki na kovu lisilonyumbuka kama zile nyuzi za mwanzo. Na miguu miwili ya mbele ndiyo inayobeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mnyama. Tukapewa masharti: asitoke bandani, maranda yamwagwe mengi chini, nafaka ipunguzwe, mguu umwagiwe maji baridi dakika 20 mara kadhaa kwa siku katika siku zile za mwanzo, na bandeji ifunguliwe na kufungwa upya kila siku.

Daktari akatoa bandeji mbili na pamba ya kutosha miguu miwili. Nikaichukua ya pili nikaiweka rafuni, nikijua ni ya akiba.

"Hiyo ni ya mguu mzima," akasema.

Nilidhani anatania. Akachutama, akanishika mkono, akauweka juu ya ukwato wa kulia, ule usio na shida yoyote, kwa upande wa nyuma ya kiganja ili nisikie joto. Kisha akaviweka vidole vyangu viwili nyuma ya kifundo, mahali unapopita mshipa wa damu. Nikatafuta mapigo, nikayapata kwa taabu. Akaniambia hivyo ndivyo inavyotakiwa, yawe ya kutafutwa. Siku nitakayoyakuta yanagonga kwa nguvu, nimpigie simu hata kama ni usiku wa manane. "Na kila asubuhi," akaongeza, "kabla hujaugusa mbovu, anza na huu."

Sababu yake ni hii. Ukwato hupata damu vizuri mnyama anapokanyaga na kuinua, kanyaga na kuinua. Mguu mmoja ukiuma, ule wa pili yake husimama umebeba mzigo wa miwili bila kupumzika. Haulalamiki wala hauchechemei. Utachechemeaje na mwenzake ameshalala? Kimyakimya zile tabaka zinazoushikanisha mfupa na ukwato hukosa damu, hulegea, na mwisho huachia. Hatari hii huwa kubwa zaidi pale mguu mbovu unaposhindwa kabisa kubeba uzito, na Mdogo hakuwa amefika huko. Daktari hata hivyo hakutaka kubahatisha.

Wafuatiliaji wa mbio za farasi watamkumbuka Barbaro, wa Marekani. Mei 2006 alishinda Kentucky Derby, na wiki mbili baadaye, tarehe 20 ya mwezi uleule, akavunjika mguu wa nyuma wa kulia mara tu baada ya kuanza mbio za Preakness. Madaktari waliuunga ule mfupa kwa bamba la chuma na skrubu nyingi. Watu wakamwombea, wakamtumia maua na matufaha. Mfupa ukaanza kuungana. Julai ukaharibika ukwato wa mguu wa nyuma wa kushoto, ule ambao haukuvunjika. Januari 2007 maradhi hayohayo yakaingia kwenye kwato za mbele, na tarehe 29 wakaona wasimtese zaidi. Macho ya watu wote yalikuwa yametazama mguu wa kulia.

Sasa turudi kwa Marko. Mwenye kupooza aliletwa na watu wanne. Marko amewahesabu lakini hakuwataja majina, wala hatuambiwi wametoka umbali gani. Tunajua walizuiwa na umati, wakapanda darini, wakatoboa, wakamteremsha. Yesu alipoiona imani yao (yao, si yake peke yake) ndipo akasema na mgonjwa. Nimewahi kuisimamia habari hii mbele ya watu zaidi ya mara moja. Nimeeleza dari, nimeeleza umati, nimewahimiza watu wawe kama wale wanne. Kwenye mabega yao sikuwahi kufika.

Na kwa nini wanne? Maandiko hayasemi, ila yeyote aliyewahi kubeba mtu kwa machela anajua. Wawili wangemfikisha mlangoni, lakini darini sijui. Wanne wanaweza kubadilishana upande, mmoja akajifuta jasho wengine wameshikilia. Sisi kwenye ushirika wetu tunapenda sana wale wanne, lakini kwa vitendo mara nyingi tunamwachia mtu mmoja pembe zote nne za godoro, kisha tunamsifu kwa imani kubwa.

Niseme lililonichoma. Tulikuwa na dada katika kikundi chetu cha maombi, mume wake akapata kiharusi. Kila wiki tulimwombea mume. Tulipokutana na dada tulimuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Akatujibu tunamshukuru Mungu, nasi tukamshukuru Mungu, tukaenda zetu. Usiku ni yeye wa kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda, asubuhi ni yeye wa kumwogesha, kumlisha, kumnyoosha viungo. Akaanza kuchelewa ibada. Akawa anakuja Jumapili moja, anakosa mbili. Mwishowe akaacha kabisa. Ikasemwa kwamba dada amepoa. Aliyeyasema maneno hayo si mwingine, ni mimi, na niliyasema kwa sauti ya huruma kabisa, nikapendekeza tumwombee Mungu amwamshe tena.

Amwamshe! Mtu ambaye hajalala.

Ilikuwa katika wiki ya pili au ya tatu ya kumuuguza Mdogo, nimechutama kwenye maranda, vidole viwili nyuma ya kifundo cha kulia, nikitafuta mapigo. Neno la daktari likanirudia: anza na huu. Nikakaa chini palepale. Farasi akaninusa kisogo, nadhani alitaka kujua kama nimekuja na karoti.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu bandeji ya mguu mzima. Haifungwi tu ilimradi. Pamba hutangulia, hulazwa bila mikunjo, kisha kitambaa huzungushwa kwa mkazo ulio sawa toka juu hadi chini. Ukiikaza mno, au ukaacha kunjo moja, unaijeruhi kano ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nililikosea hilo siku ya kwanza na ikabidi nifungue nianze upya. Nikakumbuka na bandeji tunazowafunga wauguzaji wetu: "Jipe moyo, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." "Wewe ni mwanamke wa imani, utashinda." "Jitahidi usikose ibada." Zinafungwa kwa upendo, sikatai. Zinabana.

Mwandishi wa Waebrania anasema juu ya mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, kisha anataka njia za miguu zinyooshwe, ili kilicho kiwete kisizidi kupotoka bali kipone. Mikono hulegea kwa sababu ya kushika kwa muda mrefu. Nasoma hapo naona amewahesabu wachovu pamoja na viwete, wote katika sentensi moja. Kuhusu hiyo njia iliyonyoka, Mdogo alinifundisha kwa vitendo. Baada ya wiki kadhaa daktari aliruhusu atembezwe kwa kamba, dakika 5 tu. Sharti lilikuwa aende moja kwa moja, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, bila kona kali, kwa sababu kugeuka kwa ghafla huivuta kano upya. Basi kila siku kabla ya kumtoa nilitangulia kuipita ile njia mwenyewe, nikiokota mawe na kufukia mashimo. Kuandaa kulichukua muda kuliko kutembea. Naye alipotoka alitaka kuruka, maana maumivu yalikwisha kumtoka kitambo na hakuona sababu ya kuongozwa kama mzee, wakati picha ya kano ilikuwa bado na lile doa.

Kanisa lililokusudia kumtunza mwenye kutunza litakuwa na kazi ya namna hiyo, isiyo na mimbari: nani atakaa na mgonjwa Jumanne kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja? Nani anajua kumgeuza mtu aliyepooza bila kumtengua bega? Nani atafua mashuka? Haya hayaimbiki. Yanahitaji karatasi na majina, na yule ambaye jina lake limeandikwa aende kweli.

Nilimpigia dada simu nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema alikuwa hajui kama tulimsema. Kwa hiyo nilimuumiza mara mbili, lakini heri hivyo. Siku ya Alhamisi nikaenda. Aliponifungulia mlango alianza, kwa mazoea, kunieleza hali ya mgonjwa, presha ilivyo, mkono ulivyo. Nikamwambia nitamuuliza mzee mwenyewe. "Wewe umelala lini?"

Akanitazama kwa muda. Hakujibu. Akanionyesha maji ya kunywa yalipo, dawa za saa kumi zilipo, kisha akaingia chumba cha pili na kurudisha mlango. Mzee nami tukakaa. Kuongea kwake kulikuwa kwa shida, ila saa kumi ilipofika alinyanyua ule mkono wake mzima, akaweka kidole mdomoni na kunionyesha mlango wa mkewe, nisigonganishe vikombe.