Batani za sauti za baba mdogo

Oktoba 2019 nilienda Mpwapwa kumsalimia baba mdogo. Ni mwalimu mstaafu, presha ya macho ilishamaliza kuona kwake, kusoma na kuandika alibaki anategemea laptopu yusdi niliyomnunulia Dodoma mjini nikamwekea Ubuntu 18.04, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Niliichagua Ubuntu sababu ndani yake kuna Orca, programu inayosoma skrini kwa sauti, bure kabisa, unabonyeza Alt na S pamoja na ile batani yenye alama ya Windows inaanza kuongea, na Kiswahili inacho.

Sasa nafika nakuta batani za sauti, zile za juu kwenye safu ya F, hazifanyi chochote. Mtu anayeona atasema si uvute kwa mausi pale juu, sawa, ila yeye mausi ataionea wapi? Mgeni akipiga hodi mashine inaendelea kusoma kwa sauti kubwa, inabidi amwite mjukuu aje apunguze, mjukuu akiwa shule basi anafunika laptopu na pale alipokuwa anasoma panampotea. Mtu aliyenyamazisha madarasa miaka yote ile, leo hadi asaidiwe kunyamazisha kitu chake mwenyewe. Iliniuma sana yaani.

Nikampigia fundi mmoja akaniambia dogo piga Windows hiyo uachane na shida, nikakataa, maana baba mdogo alishaizoea Orca na kumwanzisha upya ni kumtesa.

Usiku wote wamelala nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, nikaandika dmesg -w ili nione kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaandika nini muda uleule, nikabonyeza batani ya kupunguza sauti. Ukatokea mstari unasema kuna kitufe kisichojulikana kimebonyezwa, kodi 0xab, yaani namba ya hicho kitufe. Nilikaa nikauangalia ule mstari kwa muda. Kumbe siku zote alipokuwa anabonyeza mashine ilikuwa inapokea na inaandika, ila haikuwa na jina la kukipa hicho kitufe, waliotengeneza laptopu waliweka namba zao wenyewe. Chini yake kerneli yenyewe inakuelekeza utumie komandi ya setkeycodes kukipa jina, lakini hiyo ukizima mashine imefutika, na mi narudi Dodoma keshokutwa.

Nikatengeneza faili kwenye /etc/udev/hwdb.d, folda ambayo maelekezo yake hayafutiki ukizima, nikaandika KEYBOARD_KEY_ab=volumedown, na nyingine za kuongeza na kuzima sauti kwa kodi zake, nikapiga systemd-hwdb update halafu udevadm trigger ili mashine iyasome. Kimya. Umeme nao ukakatika, nikabaki na chaji ya betri, nikarudia herufi moja moja karibu saa nzima ndo nikagundua mistari ya KEYBOARD_KEY lazima ianze na nafasi moja tupu mbele. Nafasi moja tu! Nikaiweka, nikarudia zile komandi mbili, sauti ikashuka.

Asubuhi nikamshika kidole nikamwonyesha, F ngapi inafanya nini. Akawa anapandisha anashusha, anapandisha anashusha, haongei. Baadaye nipo jikoni nikasikia Orca inamsomea, jirani akapiga hodi mlangoni, na ile sauti ikakata palepale.

"Karibu ndani," akasema baba mdogo.