Jiko la pampu lililogoma kushika presha

Jiko lenyewe ni la shaba, la mafuta ya taa, aina ya Primus aliyoibuni Lindqvist huko Uswidi mwaka 1892. Nilipampu mpaka mkono ukauma. Presha haikupanda hata kidogo.

Nikadhani tangi limetoboka. Kumbe ni kile kikombe cha ngozi kwenye ncha ya fimbo ya pampu: kilikuwa kikavu na kimesinyaa, hewa inapita pembeni. Nilikiloweka kwenye mafuta ya mashine usiku kucha, nikakipanua kingo kwa kidole, nikakirudisha taratibu kisikunjike. Presha ikaja. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Kiungo kimoja kikatoa mapovu, nikabadilisha washa yake, ile pete ya kuzibia.

Nilipowasha, moto ukaruka juu, wa njano, na masizi tele. Hapo kosa lilikuwa langu, haraka zangu. Mafuta ya taa lazima yageuke mvuke kabla ya kufika kwenye tundu la moto, kwa hiyo kichwa cha jiko kipashwe moto kwanza. Nikafungua skrubu ya hewa, ile inayotoa presha kwenye tangi, moto ukazima, nikasubiri lipoe. Nikazibua tundu kwa sindano yake nyembamba, nikajaza spiriti kwenye kisahani kilicho chini ya kichwa, nikaiwasha, nikaiacha iungue karibu yote ndipo nikafunga skrubu na kupampu kidogo kidogo. Moto wa buluu, unanguruma!

Sasa najaza tangi robo tatu tu, dirisha wazi, na petroli haikaribii kabisa.