Step 1 Bila Alama: Mzigo Umehamia Wapi?

Tangu tarehe 26 Januari 2022, anayefanya Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani, haoni tena alama zake. Anaarifiwa tu kwamba amefaulu au amefeli. Sababu ya uamuzi huo, uliotangazwa Februari 2020, naiheshimu. Mtihani uliotungwa kupima kama mtu anastahili leseni ulikuwa umegeuzwa kigezo cha kuamua nani atasomea upasuaji na nani atakosa, na wanafunzi wakawa wanaitoroka wodi ili wakariri biokemia.

Hata hivyo, nikiwatazama madaktari wanagenzi wa hapa Nairobi ninaowasaidia kuandaa maombi ya mafunzo ya ubingwa huko, naona kwamba nafuu hiyo haikuwafikia. Mkurugenzi wa programu anayepokea maombi mengi kupita nafasi alizo nazo lazima awe na njia ya kuyachuja. Zamani, daktari aliyetoka chuo ambacho mkurugenzi huyo hajawahi kukisikia angeweza kumfanya asite na kusoma zaidi kwa alama ya juu kama 250 peke yake. Leo, kwenye matokeo ya Step 1 ya kijana aliyesoma usiku kucha baada ya zamu, kuna neno moja tu, lile lile analopewa aliyevuka kwa kuponea chupuchupu.

Kwa hiyo uzito wote umeangukia Step 2 CK, mtihani wa pili wa leseni, unaopima maarifa ya kutibu wagonjwa, ambao matokeo yake bado hutolewa kwa alama za tarakimu tatu. Ukiufaulu huruhusiwi kuurudia, kwa hiyo alama ya chini utaandamana nayo katika kila ombi. Pia inambidi mwombaji ahakikishe matokeo yako tayari kabla ya programu kuanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba, ilhali zamani wengi waliufanya baadaye bila wasiwasi, wakitegemea Step 1.

Kinachoniuma zaidi ni vile vigezo vingine vilivyopanda thamani, hasa barua za mapendekezo kutoka kwa madaktari wa Marekani. Barua hizo hazipatikani bila viza, nauli na kodi ya nyumba ya huko, gharama ambazo posho ya mwanagenzi haiwezi kuzibeba. Sidai kwamba pengo lililetwa na mabadiliko haya, kwani lilikuwapo tangu zamani. Katika ulinganishaji wa 2024 (Match), yaani ugawaji wa kila mwaka wa nafasi za mafunzo ya ubingwa, zaidi ya asilimia 93 ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya udaktari (MD) ya Marekani walipata nafasi, dhidi ya takriban asilimia 59 ya wageni waliosomea nje. Ninachosema ni kwamba mgeni asiye na fedha amepokonywa mojawapo ya silaha chache alizoweza kujipatia kwa juhudi zake mwenyewe.

Kwa wanaojiandaa sasa, msiichukulie Step 1 kuwa nyepesi kwa sababu alama zimefichwa. Siku ile ile zilipoondolewa, kiwango cha kufaulu kilipandishwa kutoka 194 hadi 196, na kufeli hubaki kwenye rekodi hata ukifaulu baadaye. Tena, anayeisoma juu juu hukutana na fiziolojia na famakolojia ile ile ndani ya Step 2 CK, mahali ambapo kila alama inahesabiwa. Na ambaye Agosti itamkuta hajawa tayari kwa Step 2 CK, namshauri aahirishe maombi hadi mwaka unaofuata.