Flashi ya Maalim

Kompyuta ya Maalim haina diski. Ilikufa zamani, na alipotajiwa bei ya nyingine hapa Wete alicheka tu, basi nikamwekea Puppy Linux, mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi. Kwa mashine kuukuu sijaona kinachoishinda: mfumo mzima unapanda kwenye ramu (kumbukumbu ya muda, inayofutika mashine ikizimwa), flashi inabaki kuwa ghala, na laptopu iliyokuwa ikijikongoja inakwenda mbio. Barry Kauler wa Australia aliuanzisha mwaka 2003, na tangu hapo umekuwa kimbilio la mashine ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa.

Maalim anaitumia kwa daftari la chuo: jina la mtoto, juzuu aliyofika, ada iliyolipwa na iliyobaki. Wiki hii akanipigia. "Mwanangu, kitu hiki kina wazimu. Jioni naandika, asubuhi nakuta peupe. Na nasevu, wallahi nasevu!"

Kweli alikuwa anasevu. Ila alikuwa anasevu kwenye ramu.

Watu wakisikia habari hizi hukimbilia virusi, au flashi feki. Mimi naanza kwa kuuuliza mfumo wenyewe. Kuna faili dogo, PUPSTATE, ndani ya /etc/rc.d, na mstari wake wa PUPMODE unakwambia mashine imeamka vipi. Kwa mfumo ulioiona akiba yake flashini, yaani faili unamohifadhi kazi zako, ungetarajia 13. Ya Maalim ilisema 5, yaani imeamka kama siku ya kwanza, haikuona akiba yoyote. Kila akiizima inamuuliza kwa Kiingereza kama anataka kuhifadhi, naye anabonyeza chochote kilicho karibu ili awahi Magharibi.

Nikaifungua flashi. Akiba imo, nzima, ila jina limegeuka: USIFUTE_YA_BABU. Kazi ya mjukuu, na kwa nia njema kabisa, asije mtu akalifuta. Sasa Puppy hulitafuta faili hilo kwa jina: lianze na jina la toleo, lifuatiwe na "save". Ukilibadilisha linalala pale pale mbele ya macho yake na halioni. Nikalirudishia jina, nikawasha upya, daftari la tangu mwezi uliopita likatokea. Maalim akamshukuru Mungu, akaita chai.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kipimo cha nafasi kilichopo pembeni mwa skrini kilikuwa chekundu. Faili la akiba lilikuwa dogo, megabaiti 512, na kivinjari kilikuwa kimelijaza takataka zake. Akiba ikikaribia kujaa, mfumo hauonyeshi unyonge wowote, maana unafanyia kazi kwenye ramu. Ni pale unapokuja kushusha flashini ndipo vitu vinakosa pa kuingia. Nikafagia vya kivinjari, nikaagiza nafasi iongezwe. Jambo hilo halifanyiki papo hapo: unaagiza, unawasha upya, na faili linakuzwa wakati mashine inaamka, kabla halijaanza kutumika. Flashi ikiwa imepangwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, usijisumbue kutaka faili la kufika gigabaiti 4, halitakubali.

Kilichonikaa kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani ni hiyo PUPMODE 13 yenyewe. Unachoandika hukaa kwenye ramu kwanza, kisha hushushwa kwa vipindi, kwa kawaida kila dakika 30, ili flashi isichakae mapema. Ni busara, lakini ni busara ya mahali ambapo kompyuta huzimwa kwa utaratibu. Laptopu ya Maalim betri imekufa, inaishi kwa waya. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ufike Pemba mwaka 2010 tumepumua, waliozoea majenereta ya Wesha wanajua ninachosema. Hata hivyo mvua ya masika ikishika, umeme unaondoka bila kuaga. Ukiondoka kabla ya kipindi kufika, kilichomo kwenye ramu kimekwenda nao. Ukiondoka katikati ya kushusha ni balaa zaidi, kwa sababu faili la akiba ni diski kamili iliyofungwa ndani ya faili moja, na likiharibika linaweza kuharibika na vyote vilivyomo.

Dawa zipo. Mashine inapoanza kuwaka unaandika puppy pfix=fsck, akiba inakaguliwa na kurekebishwa. Ikishindikana, pfix=ram: inaamka bila kuigusa akiba, kisha unaifungua kwa mkono na kunakili kinachonakilika. Zimenifaa sana. Lakini ni dawa za baada ya ugonjwa, na mimi nimechoka kuitwa baada ya ugonjwa.

Kwa hiyo amana ya watu siiweki tena humo. Mipangilio, alama za vitabu za kivinjari, nenosiri la waifai, hayo yakae kwenye akiba. Yakipotea ni kero ya asubuhi moja. Daftari la chuo nimelitoa nje, kwenye folda ya kawaida ya flashi ambayo Puppy inaifikia kwa /mnt/home. Huko Maalim akisevu kinakwenda flashini, hakisubiri dakika 30, na hata kompyuta ya Windows ya skuli inalifungua.

Hakupenda mara moja. Alitaka daftari libaki pale pale kwenye skrini alipolizoea, basi nikamwekea njia ya mkato yenye jina lile lile, akaridhika. Nikamwonyesha na kitufe cha Save cha kwenye skrini, akibonyeze kabla ya kuinuka.

Alhamisi, watoto wakishatawanyika, mjukuu atakuwa ananakili daftari kwenye flashi ya pili. Kazi hiyo nimempa yeye makusudi, kwa sharti moja: asibadilishe jina la faili lolote, hata kwa nia njema.